Marie Curie, ERC au Humboldt: uombe ruzuku ipi ya Ulaya baada ya uzamivu?

Mwezi uliopita kijana mmoja ninayefanya naye kazi, aliyepata uzamivu mwaka juzi kwa utafiti wa virusi vya mihogo, alikuja mezani kwangu na kompyuta mpakato yenye kurasa mbili wazi. Kushoto ilikuwapo Starting Grant ya Baraza la Utafiti la Ulaya, maarufu kwa herufi zake ERC: hadi yuro milioni 1.5 kwa miaka 5. Kulia ilikuwapo Postdoctoral Fellowship ya Marie Skłodowska-Curie, ambayo kila mtu huiita Marie Curie tu: mshahara wa mtu mmoja kwa mwaka mmoja hadi miwili.

"Dada, jasho la kuandika ni lilelile," akaniambia. "Si bora nihangaikie kubwa?"

Nikamuuliza: ukipewa hiyo milioni na nusu, wiki ya kwanza utamwajiri nani, na utamkabidhi kazi gani? Akakaa kimya, kisha akasema kweli, huko hajafika. Tukavuta viti, na mengi ya ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyazungumza jioni ile.

Ruzuku hizi zinatofautiana kwa fedha, lakini tofauti inayoamua ni nafasi unayoiombea. Marie Curie inakuuliza unakwenda kujifunza nini, kwa nani, na utatoka hapo ukiwa mtafiti wa namna gani. ERC inakuuliza una wazo gani lililo lako mwenyewe, na kama watu wanaweza kulifanyia kazi chini yako. Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani unamtazama mtu na rekodi yake ya uchapishaji, kisha unampa muda wa kufanya kazi kwa utulivu. Ukiomba nafasi isiyo yako, uzuri wa andiko hautakuokoa.

Nani anaruhusiwa

Nianze na jambo linalowafanya wengi wetu wajiondoe kabla hata ya kufungua fomu. Zote tatu hazibagui uraia. Mtanzania, Mkenya, Mkongo au Mrundi anaomba kwa sifa zilezile anazoombea Mtaliano. Kinachotakiwa kwa Marie Curie na ERC ni taasisi mwenyeji iliyo katika nchi ya Umoja wa Ulaya au nchi iliyoshirikishwa kwenye Horizon Europe, mpango wa Umoja huo wa kufadhili utafiti, na Uingereza imerudi kundini tangu Januari 2024. Kwa Humboldt, mwenyeji ni wa Ujerumani.

Kuna mtego mmoja. Ndani ya Marie Curie kuna matawi mawili. Global Fellowships humpeleka mtafiti nje ya Ulaya kisha humrudisha kwa miezi 12, na tawi hilo ni la raia na wakaazi wa muda mrefu wa nchi za Umoja wa Ulaya na nchi shirikishi tu. Sisi tulioko Afrika Mashariki tunaomba European Fellowships. Nimeshika mkononi andiko la kurasa 10, limeandikwa vizuri kabisa, lililotupwa bila kusomwa kwa sababu mwombaji aliweka alama kwenye tawi lisilo lake.

Kuhusu miaka: katika mwito wa maombi wa Marie Curie wa 2025, mwombaji alitakiwa awe amepata uzamivu kabla ya tarehe ya mwisho na asiwe na zaidi ya miaka 8 ya uzoefu wa utafiti tangu aupate. Miaka uliyofanya kazi nje ya utafiti haikuhesabiwa, na hilo linawafaa wengi wetu waliorudi kwenye utawala au kwenye shirika fulani kabla ya kurejea maabara. Starting Grant ya mwaka huohuo wa 2025 ilikuwa ya walio kati ya miaka 2 na 7 baada ya uzamivu, na mama anaongezewa miezi 18 kwa kila mtoto. Kinadada, msiiache hiyo miezi. Ni haki yenu na haihitaji kubembeleza mtu. Humboldt ina ngazi ya walio ndani ya miaka 4 tangu uzamivu na ngazi ya wazoefu hadi miaka 12. Hesabu hizi hurekebishwa mara kwa mara, hivyo soma mwongozo wa mwaka unaoomba wewe, usiutegemee wa rafiki aliyeshinda miaka mitatu iliyopita.

Ila kwa ERC, kutimiza miaka ni nusu tu ya sharti. Jopo linataka kuona kwamba umeshasimama bila kushikwa mkono: walau chapisho moja la maana ambalo wewe ndiye mwandishi mkuu, au ambalo jina la msimamizi wako wa uzamivu halimo. Kijana wangu ana machapisho manne mazuri, na profesa wake yumo katika yote manne. Kwa hiyo nilimwambia asubiri.

Miezi 12 ndani ya 36

Hapa Marie Curie inaachana kabisa na ERC. Kanuni yake ya uhamaji inasema usiwe umeishi wala kufanya shughuli yako kuu katika nchi ya mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi. Kwa mtu anayeomba kutoka Morogoro au Kisumu, kanuni hii kwa kawaida haina tabu: nchi zote ziko wazi kwake. Wanaokwama ni waliosoma uzamivu kwa utaratibu wa kugawana muda, nusu nyumbani nusu Ulaya. Kijana wangu alikuwa Sweden, na tulipokaa na pasipoti yake, muhuri kwa muhuri, tukapata miezi 14 ndani ya kipindi hicho. Maabara aliyoizoea, ambako anajua hadi funguo za friji la sampuli zinawekwa wapi, ikawa imefungwa kwake kwa mwito huu. Akashtuka. Mimi nikamwambia lengo la kanuni ni hilohilo, kumtoa mtu alikozoea.

ERC haina kanuni ya kuhama. Ina kanuni ya muda: mwenye Starting Grant anatakiwa aupe mradi angalau asilimia 50 ya muda wake wa kazi, na angalau asilimia 50 ya muda wake wa kazi wote autumie ndani ya Umoja wa Ulaya au nchi shirikishi. Isome tena sentensi hiyo kwa macho ya mtu ambaye mashamba yake ya utafiti yako Mtwara. Haimkatazi kuwa Mtwara msimu mzima wa mvua. Inamtaka makao yake ya kazi yawe Ulaya, na hilo kwa mwenye familia hapa ni uamuzi wa nyumba nzima, si wa mtafiti peke yake.

Kwa Marie Curie njia ya kurudi shambani ipo pia. Unaweza kupanga kipindi cha kufanya kazi kwenye taasisi nyingine, popote duniani, hadi theluthi moja ya muda wa mradi. Katika miezi 24 hiyo ni miezi 8. Ukipanga vizuri unapata msimu mzima wa mihogo kwenye taasisi ya nyumbani, ikiwa imetajwa kwa jina, ina barua yake na mtu wake ndani ya andiko. Ninalisisitiza hili kwa uchungu kidogo. Nimechoka kusoma maandiko ambayo kituo cha Tanzania kinatokea mara moja tu, kwenye sentensi ya "sampuli zitakusanywa". Ukiwa wewe mwenyewe Mtanzania ukaandika hivyo, nani atatuandika vingine?

Wanachosoma

Andiko la Marie Curie lina kurasa 10 katika sehemu yake kuu, herufi zisizopungua ukubwa wa 11, na ukurasa wa 11 hausomwi na mtu. Linapimwa kwa vigezo vitatu vyenye uzito tofauti: ubora wa sayansi asilimia 50, manufaa yatakayotokana na mradi asilimia 30, na ubora wa utekelezaji asilimia 20. Maana yake nusu ya alama haitoki kwenye sayansi yako. Watu wa maabara hatupendi kusikia hivyo. Tunajaza kurasa saba kwa virusi na kuacha tatu kwa mpango wa kazi, hatari zinazoweza kutokea, usambazaji wa matokeo na maendeleo ya mtafiti mwenyewe. Matokeo yake unapata maoni yanayosifia wazo na alama zinazolizika.

Ombi langu la kwanza lilikufa hapohapo. Msimamizi niliyempata alikuwa na jina kubwa, akanitumia mistari miwili kuhusu namna atakavyonilea, na mimi kwa heshima ya kwetu nikaona haya kumdai zaidi. Watathmini wakaandika kwamba mpango wa usimamizi haueleweki. Alama zangu zilipita kiwango cha chini cha 70 kwa mbali, lakini kufuzu si kufadhiliwa. Mwaka uliofuata nilitafuta mwenyeji mwingine, mtu asiye maarufu sana, tukakutana kwa video kila Alhamisi miezi mitatu, akafuta na kuandika upya pamoja nami. Hilo la pili ndilo lililopita.

Kuna kifungu kimoja ambacho waombaji wa kwetu wanakiacha kikiwa chembamba: uhamishaji wa maarifa wa pande mbili. Fomu inauliza utajifunza nini kwa mwenyeji, na vilevile utamfundisha nini. Wengi wanaandika aya ndefu ya kwanza na mstari mmoja wa pili, kana kwamba wanakwenda mikono mitupu. Kijana wangu naye alifanya hivyohivyo. Nikamuuliza: nani katika maabara ile ya Ulaya ameshawahi kusimama kwenye shamba lenye michirizi ya kahawia na kuutambua ugonjwa kwa kuutazama muhogo uliopasuliwa? Nani anajua kupata kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, au kuandaa mkataba wa kuhamisha sampuli unaoheshimu Itifaki ya Nagoya, ile ya kimataifa ya kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki? Nani anaweza kukaa na wakulima wa Mkuranga wakamwambia ni mbegu ipi wameiacha na kwa nini? Hayo ni maarifa. Yaandike kwa majina yake.

ERC haina habari na hayo yote. Kigezo chake ni kimoja, ubora wa kisayansi, kwa wazo na kwa mtu. Katika hatua ya kwanza jopo linasoma muhtasari wa kurasa 5 pamoja na wasifu wako, basi. Ukivuka, ndipo andiko zima linakwenda kwa wataalamu wa eneo lako, na wewe unaitwa kwenye usaili. Zile kurasa 5 zinasomwa na watu ambao wengi wao hawajui muhogo unaoza vipi. Wanatafuta swali ambalo likijibiwa litabadilisha namna fani nzima inavyofikiri, na wanapenda hatari: mradi ambao unaweza kushindwa, lakini ukifaulu umefungua mlango. Andiko la "tutabaini aina za virusi katika mikoa mitano" ni kazi muhimu kwa taifa, na lina wafadhili wake. Kwa ERC halifiki hata hatua ya pili.

Fedha, na zile zinazofika mkononi

Hapa watu wanaumia baadaye, kwa hiyo nieleze taratibu. Marie Curie inailipa taasisi mwenyeji, nayo inakuajiri kwa mkataba. Katika mwito wa 2025 posho ya kujikimu ilikuwa yuro 5,990 kwa mwezi, ya uhamaji 710, na ya familia 660 kwa mwenye familia. Usizijumlishe ukaanza kupanga kiwanja. Ile ya kujikimu inazidishwa kwa kigezo cha nchi, juu au chini kufuatana na gharama za maisha, kisha humo ndani hutolewa mchango wa mwajiri, wako, na kodi. Kinachofika benki ni kidogo sana kuliko tarakimu ya mwongozo. Lakini una bima, una pensheni, una likizo ya uzazi. Muulize mtu wa rasilimali watu wa mwenyeji akupe makadirio ya mshahara baada ya makato kabla hujakubali. Ni swali la kawaida kwao, wala si ukosefu wa adabu.

Humboldt hulipa posho moja kwa moja kwako, bila mkataba wa ajira, na mwenyeji hupewa fungu dogo la gharama za utafiti. Mkononi inaweza kuonekana nzuri, ila haikujengei pensheni. Inafidia kwa mambo mengine: inagharimia kozi ya Kijerumani kabla hujaanza, na ukishakuwa mtu wao haikusahau. Wanaorudi nyumbani wanaweza kuomba msaada wa vifaa na ziara nyingine miaka baadaye. Namfahamu mwalimu wangu mmoja mstaafu ambaye maabara yake ilipata mashine kwa njia hiyo.

Fedha ya ERC si mshahara wako tu. Humo kuna mishahara ya wanafunzi wa uzamivu na watafiti wenzako, kuna kemikali, vifaa, safari. Ina sifa moja ambayo haitangazwi vya kutosha: ni ya kwako kiasi kwamba ukihamia taasisi nyingine ndani ya eneo lao unaweza kuhama nayo. Ndiyo maana vyuo vikuu vinamheshimu mwenye nayo.

Nafasi ya kushinda, na gharama ya kukosa

Mwito wa Marie Curie wa 2024 ulipokea maombi 10,360 na kufadhili watafiti 1,696, karibu mmoja katika kila sita. Mwaka 2025 maombi yakaruka hadi 17,058. Starting Grant ya 2025 ilikuwa na maombi 3,928, wakashinda 478. Kwa hiyo yule anayekwambia Marie Curie ni "ile rahisi" anazungumzia miaka iliyopita.

Kukosa kwenyewe hakulingani. Katika Marie Curie ya 2025, aliyepata chini ya 70 hakuruhusiwa kurudi mwaka unaofuata na mwenyeji yuleyule. Aliyefika 85 bila fedha kutosha hupewa Seal of Excellence, cheti ambacho baadhi ya nchi na taasisi hukitumia kumfadhili kwa fedha zao. Tena kuna ERA Fellowships: ukichagua mwenyeji katika nchi zinazosaidiwa kukuza utafiti wake, kama Ureno, Ugiriki, Poland, Estonia au Slovenia, na ukakubali kwenye fomu, andiko lililofuzu bila kufadhiliwa huingizwa kwenye mashindano ya pili bila kuandikwa upya. Ni bahati nasibu mbili kwa tiketi moja, na sioni waombaji wa kwetu wakiitumia.

ERC ni kali zaidi. Kwa kanuni za mwito huo wa 2025, alama ya B katika hatua ya kwanza ilikufungia mwito unaofuata, na C ilikufungia miwili. Mtu mwenye dirisha la miaka mitano tu akitupa ombi la kujaribu bahati, anaweza kuwa ameteketeza miaka miwili kati ya hiyo.

Kama kazi yako haihamishiki

Kuna mtafiti ambaye hakuna hata moja kati ya hizi inayomfaa: ana kikundi cha wagonjwa anaowafuatilia, au wazazi wanaomtegemea, au hataki tu kuhama. Huyo aitazame Wellcome ya London. Early-Career Award yao inamruhusu mtafiti wa afya aliyeko kwenye taasisi ya nchi ya kipato cha chini au cha kati kubaki hapohapo, ikimlipa mshahara na hadi pauni 400,000 za gharama za utafiti, kwa kawaida kwa miaka 5. Wellcome imewekeza kwa miongo mingi katika mpango wa utafiti wa Kilifi, hivyo wanaelewa maana ya kufanya sayansi kubwa ukiwa pwani yetu. Ukiweza kuijenga kazi yako nyumbani kwa fedha ya kutosha, mimi sioni sababu ya kupanda ndege.

Saa za Brussels

Marie Curie hufungwa mwezi Septemba na majibu hutoka Februari. Starting Grant hufungwa Oktoba, na majibu unayapata karibu mwaka mzima baadaye. Humboldt kwa muda mrefu imekuwa ikipokea maombi mwaka mzima, ambayo ni faraja kwa anayefundisha mihula miwili mfululizo.

Tarehe unayopaswa kuiogopa zaidi ni ya mwenyeji. Vyuo vingi hutangaza kwamba vinatafuta waombaji wa Marie Curie kuanzia Machi hadi Juni, wanachuja wenyewe, na atakayeandika barua pepe Agosti anajibiwa kwa upole kwamba nafasi zimejaa. Matangazo yapo EURAXESS, tovuti ya Ulaya ya nafasi za watafiti. Barua yako ya kwanza iwe fupi, yenye swali la kisayansi linalotokana na kazi yake uliyoisoma, na wazo lako la nusu ukurasa. Kumbuka pia kwamba fomu ya Marie Curie inatakiwa ifunguliwe na msimamizi kwenye tovuti ya Umoja wa Ulaya, yeye akiwa ndiye mwasiliani mkuu, halafu akupe wewe ruhusa ya kuingia.

Dirisha linafungwa saa kumi na moja jioni kwa saa za Brussels, ambayo Septemba ni saa kumi na mbili jioni kwetu. Tuma toleo la kwanza siku mbili kabla. Tovuti inakubali ulibadilishe hadi dakika ya mwisho, na umeme wa kwetu tunaujua.

Kijana wangu ameiacha Starting Grant kwa sasa. Amepata profesa wa virusi vya mimea Slovenia aliyemjibu ndani ya siku nne, na jana amenitumia jedwali la kazi la miezi 24. Miezi 8 ameipangia kituo cha Kibaha, kuanzia mvua za vuli. Kifungu cha pande mbili kimefika nusu ukurasa, na nimemrudishia aongeze.